Mama Fromaji na Ndege ya Tatu

Mama Fromaji hakupanda ndege yoyote kabla ya kuipiga teke. Teke moja, kwenye gurudumu la mbele, kwa kandambili, halafu anainama kusikiliza. Gurudumu likijibu vizuri, anapanda. Likijibu vibaya, anapanda vilevile, ila kwanza anatutangazia sote kwamba tukifa leo, tusiseme hakutuonya.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo waulize watu wa Butembo, maana huko ndiko walikotoka wachuruzi wengi wa Mweso, na yeye mmojawapo. Mimi nilimkuta tayari mama mzima mwenye duka lililojengwa kwa mbao karibu na kanisa, tayari ana ile sauti, tayari anaitwa Mama Fromaji. Fromaji ndizo jibini zetu za Masisi, zile za mviringo zinazotengenezwa milimani kwenye mashamba ya ng'ombe. Alizinunua huku kwetu juu, akazishusha Goma kwa gari, kisha akazirusha Walikale kwa ndege, ambako wachimbaji wana hamu kubwa ya jibini lakini ng'ombe mwenyewe hawamjui vizuri.

Mtu atauliza: jibini ipande ndege kwa nini? Bwana wewe, hujaona barabara ya Walikale. Mvua ikinyesha, lori linazama mpaka kwenye kioo, dereva anatoka kwa dirisha, anaoa kwenye kijiji cha karibu na kuanza maisha. Kwa hiyo tulikuwa na ndege, ndogo ndogo, zile za propela. Zilishuka barabarani. Ndiyo, barabarani! Huko Walikale kulikuwa na kipande cha lami kilichonyooka, msitu huku, msitu huku. Ndege ikisikika, watu wanaondoa mbuzi, baiskeli na mihogo waliyoianika, ndege inashuka, watu wanarudisha mihogo yao. Kila mtu alikuwa anajua kazi yake.

Kazi yangu mimi ilikuwa ajenti, huku na huku na ndege kati ya Goma na Walikale. Nilipima abiria kwenye mizani, nikapima mizigo kwenye mizani ileile, nikafukuza mbuzi, nikawakaribisha watu, na rubani akiuliza hali ya upepo, nikatazama moshi wa mama anayechoma ndizi. Nilizaliwa Muheto, mtoto wa wakulima wa maharagwe, na kwetu walinihesabu kuwa nimefika mbali sana maishani. Mpaka Mama Fromaji alipofungua kinywa.

Kampuni zilikuwa tatu. Majina yao marefu hakuna aliyeyashika, tulitaja rangi ya mkia tu: Nyekundu, Bluu na Kijani. Mimi nilikuwa wa Kijani. Na kila Jumapili, misa ikiisha pale Mweso, Mama Fromaji alisimama nje ya kanisa, akajifunga kitenge upya, na watu waliokuwa na safari wakamzunguka.

"Mama Fromaji, kesho naenda Walikale na mutoto. Nipande gani?"

"Panda Nyekundu."

"Na kama imejala?"

"Panda Bluu."

"Na Bluu nayo ikijala?"

"Eh."

"Nipande Kijani?"

"Ngojea juma ijayo, mama. Mutoto iko mudogo bado."

Ndivyo nilivyokuwa naharibiwa jina, hadharani, mbele ya kanisa, watu wametoka tu kupokea komunyo. Na nisingejali sana. Ndege si ya baba yangu. Lakini Mama Fromaji alikuwa na binti, Kavira, aliyekuwa anauza dukani pale Mweso, na mimi na Kavira tulikuwa tumekwisha kupatana. Yeye alinitaka, mimi nilimtaka, wajomba zake wa Butembo walisema mama akikubali nao wamekubali, watasubiri kreti za bia tu, kama desturi ilivyo. Nilipopeleka habari hiyo kwa mama mwenyewe, nimevaa shati la ajenti lenye mabega ya dhahabu, alinitazama juu mpaka chini.

"Kavira hataolewa na muntu wa ndege ya tatu," alisema. "Bantu batasema nini?"

Basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya maisha yangu. Wengine wanapigania urais, mimi nilipigania nafasi ya pili.

Alikuwa anapima ndege kwa mambo matatu: usalama, raha, na servisi. Kwa usalama alianzia kwa rubani. Hakupenda rubani mwembamba. Alisema rubani mwenye tumbo anapenda kula, na anayependa kula atataka kurudi nyumbani jioni. Kabla ya safari alimwendea rubani, awe Mrusi, awe wa Kinshasa, akamuuliza kwa Kiswahili, "Umekula?" Rubani asipoelewa, alimwonyesha kwa mkono kinywani. Asipokuwa amekula, Mama Fromaji alimkalisha chini, akamkatia jibini, akasimama juu yake mpaka amalize, na sisi wote na ndege yetu tukangoja. Kuna rubani mmoja wa Bluu aliyegundua jambo hilo, akawa kila mara anasema hajala.

Sala nayo aliipima. Rubani akipiga ishara ya msalaba kwa haraka, vizuri, ni mtu wa heshima. Asipopiga kabisa, mbaya. Lakini akifumba macho na kusali kwa muda mrefu, Mama Fromaji alikusanya vikapu vyake na kushuka. "Huyu kuna kitu anajua," alisema, na wengine wote walishuka nyuma yake, hata waliokuwa na haraka ya kwenda kuzika.

Pia alikataza kupiga makofi ndege ikigusa lami. Unajua watu wetu, magurudumu yakigusa tu, makofi, vigelegele, wengine wanaimba. Mama Fromaji alinyanyua mkono: bado! Mpaka propela zisimame kabisa. Alisema makofi ya mapema yanampa rubani kiburi, na rubani akipata kiburi anaweza kuonyesha kitu kingine. Kwa hiyo kwenye ndege aliyomo, watu walishuka kimya, wamebana mikono mapajani, na makofi yakapigwa chini, tumesimama kwenye nyasi, tumeitazama ndege tupu.

Usalama wa walio chini pia ulimhusu, hilo nimpe haki yake. Siku moja Bluu ilishuka bila kuzunguka mara moja juu, kama ilivyo kawaida ya kuwapa akina mama nafasi ya kuondoa mihogo. Upepo wa propela uliichukua mihogo yote ya akina mama watano na kuitupa msituni. Kelele! Akina mama walizunguka ndege, mwingine alishika bawa kana kwamba anaweza kulizuia. Mama Fromaji, aliyekuwa anangoja safari ya kurudi, aliingia katikati, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, kisha akamgeukia rubani. "Okota," alimwambia. Tulimwona kwa macho yetu yule rubani, na miwani yake nyeusi, na mabega yake ya mistari minne, anatoka kichakani ameshika kipande cha muhogo, anauliza kama hiki ni cha nani. Walimsomesha mpaka akajua kutofautisha muhogo mtamu na ule mchungu. Jumapili iliyofuata nilikwenda Mweso mbio, nikijua leo Bluu imeanguka na sisi tunapanda.

"Bluu imebakia ya pili," alitangaza. "Rubani wake anaokota vizuri."

Nilikaa chini kwenye jiwe pale kanisani. Nilisikia uchungu, sifichi.

Upande wa raha ndio uliokuwa unanichanganya. Ndege zile hazikuwa na viti vya kuheshimika, zilikuwa na benchi kila upande na mizigo katikati. Alisema Nyekundu ina benchi laini, lakini ndani huwezi kusikia mwenzako anasema nini. "Ndege yenye huwezi piga masolo ndani yake," alisema, akimaanisha mazungumzo, "iko machini ya kusaga unga." Hata hivyo ilikuwa ya kwanza. Bluu, dirisha lake lilikuwa linavuja, aliyekaa pale alifika Walikale nusu amelowa. Ya pili. Na Kijani yetu? Haikuvuja. Ilisikika sauti ya mtu. Nilikuwa nimeshona mito kwa mikono yangu, nikaijaza manyoya ya kuku. Ya tatu.

"Mama, mito haikukupendeza?"

"Inanukia kuku. Jibini zangu zitashika harufu."

Lakini jibini zake hazikuwa zinapanda kwetu! Hapo ndipo kichwa kilipokuwa kinaniuma. Jibini aliziweka kwenye Nyekundu kila safari, zimefungwa majani ya migomba, kikapu juu ya kikapu. Halafu yeye mwenyewe, kwa miguu yake, alikuja kupanda Kijani. Alipokwisha kuzipima zote tatu, ilikuwa hivyo kila safari. Ndege anayowakataza watu wote, yeye ndani. Siku moja nilimwuliza, kwa adabu, maana ni mama wa Kavira.

"Mama, samahani. Kama Kijani iko mubaya hivi, juu ya nini unapanda?"

"Mimi naogopa, nasali," alijibu. "Jibini ikiogopa, itasali kwa nani?"

Nililala na jibu hilo kama mtu aliyekula maharagwe mabichi. Ndege yangu haifai hata kwa jibini!

Mizani ilikuwa vita nyingine. Kabla ya kupanda alitoa pumzi yote, akamkabidhi mtu mkoba, akamkabidhi mwingine kilemba, akavua kandambili, akapanda polepole akishikilia bega langu, na akiweka uzito wake nusu kwenye bega langu. Namba ikitoka, alinitazama mimi, si mizani. "Mizani ya Kijani inanenepesha bantu," aliwaambia waliokuwa kwenye foleni, na wale wanene wote waliitikia kwa kichwa. Mama wawili walihamia Bluu palepale kwa sababu hiyo.

Tena tusizungumzie servisi. Hapo nilijitolea mwili na roho. Bluu waliwapa abiria bombo moja moja, pipi zile za kunata. Ajenti wa Nyekundu hakusalimia mtu, alionyesha mlango kwa kidevu. Mimi nilimpokea Mama Fromaji kwa mikono miwili. Nilimshikia mwavuli. Nilimletea chai ya tangawizi kwenye thermos. Nilimwita mama, nikamuulizia usingizi, mgongo, goti la kushoto, na ndugu zake wa Butembo mmoja mmoja. Mvua ilipotengeneza dimbwi mbele ya ngazi, nilimbeba mgongoni, na yeye juu ya mgongo wangu aliwaambia watu, "Muone, hata ubao wa kuvukia dimbwi hawana."

Jumapili iliyofuata alipotangaza kwamba kwa servisi pia Kijani ni ya tatu, nilimfuata nyumbani.

"Mama, kwa servisi nimekosa nini? Niambie, nitengeneze."

"Unacheka sana," alisema. "Muntu wa ndege akikuchekea asubuhi, ujue kuna kitu imekatika."

Basi nikaacha kucheka. Juma zima nilipokea abiria nimekunja uso, kama yule wa Nyekundu. Jumapili: "Ajenti wa Kijani ameanza majivuno." Kavira alicheka mpaka akashikilia mlango wa duka. Alinipenda, lakini shida zangu zilimfurahisha pia, sijui ndivyo wanawake wa nyumba ile walivyo wote.

Bosi wangu alikuwa Goma, ananipigia simu kila mwisho wa juma kunitukana. Benchi zilikuwa tupu, alilalamika, mara abiria mmoja, mara wawili. Kilichotuokoa ni mizigo. Maharagwe, bwana! Maharagwe ya Mweso, ya Kitshanga, ya milima yote, magunia juu ya magunia, yote yalikuja kwetu. Kwa hiyo kampuni haikufa. Mimi niliamini ni kwa sababu ya sura yangu na urafiki wangu na wakulima, na nilijisifu sana mbele ya bosi juu ya maharagwe yale.

Mara moja nilisafiri na Mama Fromaji mwenyewe kutoka Goma mpaka Walikale. Tulikuwa sisi wawili tu na magunia. Ndege ilipotulia juu ya mawingu, Mama Fromaji alivua kandambili, akatandika kitenge juu ya maharagwe, akaupiga mto wangu wa manyoya mara mbili, akajilaza chali, akalala. Alikoroma, na mimi nilimsikia juu ya injini mbili. Rubani aligeuka kutazama kama kuna kitu kimekatika. Tuliposhuka Walikale alijinyoosha, uso umeng'aa, ana alama za gunia shavuni.

"Mama, safari ilikuwa namna gani?"

"Vibaya sana," alisema. "Usiniulize."

Alikuwa na tabia hiyo ya kupanga kila kitu kwa nafasi. Mapadri wa parokia aliwapanga, kwa usalama, yaani urefu wa mahubiri. Wauguzi wa hospitali ya Mweso aliwapanga kwa mkono wa sindano. Na wachumba wa Kavira, ee Mungu wangu, aliwapanga nao, nje ya kanisa, mambo yaleyale matatu. Wa kwanza alikuwa bwana mwenye farmasi. Usalama: hanywi. Raha: nyumba ya bati jipya. Servisi: anasalimia na kofia mkononi. Wa pili alikuwa mwenye Fuso ya kubeba mbao, mtu wa kwao Butembo, meno mazuri. Mimi wa tatu.

"Usalama," alisema, na mimi nimesimama palepale, nasikia, "anafanya kazi mu barabara yenye ndege inashukia. Raha, mito yake inanukia kuku. Servisi, bantu bote munajua."

Watu walinigeukia kwa huruma. Bibi mmoja mkimbizi aliyekuwa anapokea maharagwe ya parokia alinipa nusu ya fungu lake.

Yule wa farmasi alisifiwa sana. Kila Jumapili: ule wa farmasi, ule wa farmasi! Mpaka familia moja ya Kitshanga ikasikia sifa hizo, ikamwita chakula cha jioni, na kabla hatujajua, amekwisha kuoa huko. Mwenye Fuso akapanda nafasi ya kwanza, akasifiwa yeye. Naye hakudumu. Walimgombania familia mbili, akatoroka na mtoto wa familia ya tatu, na Fuso ikaenda naye. Mama Fromaji hakuonekana kusikitika hata kidogo, alitikisa kichwa tu, akaendelea kukata jibini. Na mimi, ambaye sasa nilikuwa peke yangu kwenye foleni, nilienda kumwambia kwa furaha kwamba nadhani nimekuwa wa kwanza.

"Nafasi ya kwanza iko wazi," alinijibu. "Ya pili iko wazi vilevile. Wewe uko wa tatu."

Kisha uwanja wa Goma ulifungwa. Vita iliyouleta huo ufungaji mnaijua, sitaisema hapa. Nyekundu iliondoka, Bluu iliondoka, Kijani yetu ilikuwa safarini siku hiyo na haikurudi tena huku, naambiwa inabeba samaki mahali fulani. Lami ya Walikale ikabaki ya mihogo. Mimi nilirudi nyumbani na shati la mabega ya dhahabu, nikapata pikipiki, nikawa motari kama vijana wote wa milimani. Kwa Mama Fromaji sikwenda. Nilisema moyoni: kama mwenye ndege alikuwa wa tatu, mwenye pikipiki atawekwa wapi? Kavira alinipigia simu mara nyingi, na mara nyingi nilimwambia nangoja nipate la kumwambia mama yake. Kavira akaacha kucheka. Siku moja alisema, sauti imeshuka, "Mimi pia nitachoka, ujue."

Msimu huu wa mvua ndipo nilipokutana naye tena. Nilikuwa nimemfikisha mgonjwa Mweso, nimeegemea pikipiki mbele ya hospitali, nasikia sauti nyuma yangu: "We muntu wa Kijani! Unaenda Muheto?"

Alikuwa amepungua kidogo, mvi zimetoka nje ya kilemba, lakini sauti ileile. Alitaka kwenda kutafuta jibini mwenyewe, maana magari yalikuwa yamepotea na biashara yake sasa ilikuwa ya kuuza hapahapa, kipande kipande. Alipanda nyuma yangu, vikapu viwili ubavuni, akanishika mkanda wa suruali, tukaondoka.

Njia nzima alinisema. Unapita mu mashimo. Unakwepa mashimo sana. Unaenda mbio. Ng'ombe wametupita. Mimi nilikuwa na swali moja kinywani tangu Mweso, likakataa kutoka. Tulipofika kwenye ule mlima unaotazama mashamba ya ng'ombe, matope yalikuwa mengi, tukasimama ili injini ipoe. Mwanamke mmoja alikuwa anachoma mahindi pale. Mama Fromaji alinunua mawili, akanipa moja. Tukakaa kwenye ukingo wa barabara, miguu imening'inia.

"Mama," nilisema, "ndege zimekwisha. Hakuna wa kukushitaki. Niambie kweli. Kijani ilikosa nini?"

Alitafuna kwanza. Alikuwa anakula muhindi mstari kwa mstari, bila haraka.

"Kijani? Haikukosa kitu."

"Namna gani?"

"Kijani njo ilikuwa ndege yenyewe. Zile zingine zilikuwa mabati tu, zinaruka juu ya neema ya Mungu."

Muhindi ulinianguka mkononi. "Sasa juu ya nini kila siku ya Mungu ulisema ya tatu?"

"Ningesema ya kwanza," alisema Mama Fromaji, akinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa, "ningelala wapi?"

Nilisimama. Niliketi. Nilisimama tena. Jamani, hasira! Nilisema maneno ambayo hayasemwi mbele ya mama wa mtu. Nilimwambia kuhusu bosi wangu na matusi yake, kuhusu mito, kuhusu mgongo wangu na dimbwi, kuhusu Jumapili zote zile nimekaa kwenye jiwe la kanisa kama mtu aliyefiwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Mchoma mahindi naye alisikiliza, moto wake ukazimika.

"Alikufukuza, ule bosi?"

"Hapana. Tulikuwa na maharagwe."

"Na maharagwe ilikuwa inatoka wapi?"

Nilifungua kinywa nielezee urafiki wangu na wakulima.

"Mimi njo nilikuwa naituma kwako," alisema. "Bakulima bote. Nilibaambia: bantu bapande Nyekundu, maharagwe ipande Kijani. Muntu ukilala pembeni yake anakusukuma na kiwiko, anakuuliza fromaji iko bei gani. Gunia ya maharagwe inakusukuma? Hapana. Miaka yote ile sijawahi kulala vizuri kama mule. Kwangu kitanda iko inalia."

Ng'ombe walikuwa wanashuka mlimani, mawingu yanakuja kutoka upande wa Walikale. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini sikujua tena niiweke wapi.

"Ule wa farmasi nilimusifu," aliendelea, kama anayezungumza na muhindi wake. "Eko wapi?"

"Kitshanga."

"Ule wa Fuso nilimusifu. Eko wapi?"

"Mungu njo anajua."

"Na wewe. Nani alikuchukua?"

"Hakuna muntu, mama," nilisema. "Hakuna hata aliyeniangalia."

"Eeh," alisema Mama Fromaji, akatupa gunzi.

Nilitaka kuelewa, niliogopa kuelewa vibaya, maana mtu akishakuwa wa tatu kwa muda mrefu hivyo, hajiamini tena. Nilijikaza. "Basi mama, niende nitafute kreti? Nibapelekee bajomba?"

"Endesha," alisema. "Mvua inakuya."

Hilo tu! Nilipiga kiki pikipiki ile nusura niivunje mguu. Tukashuka mlima, mimi naona barabara kwa shida. Nilijiambia nikimfikisha Muheto naondoka, simpigii tena Kavira, amtafute mtu mwingine mwenye mama yake wa kawaida.

Pale Muheto, penye njia panda, alikuwa amesimama mama kijana, amevaa vizuri, ana mzigo mdogo na mwavuli mzuri, wa aina ile motari yeyote anataka kumbeba. Alimwona Mama Fromaji anashuka, akamtambua. Sifa zake zilikuwa zimefika mpaka huko.

"Mama Fromaji! Heri umefika. Mi natafuta motari wa kunipeleka na kunirudisha kila juma. Huyu wako iko namna gani?"

Mama Fromaji aligeuka. Alinitazama polepole, kuanzia buti zangu za matope mpaka kofia, akajifunga kitenge upya, na sauti yake ikasikika mpaka ng'ambo ya bonde.

"Huyu? Huyu iko wa mwisho kabisa! Anapita mu mashimo yote, anasema mingi, hana servisi hata kidogo. Mama, usimupande. Mi mwenyewe najuta. Ngojea mwingine."

Yule mama kijana alirudi nyuma hatua mbili, kama aliyeonyeshwa nyoka. Na mimi nilishuka kwenye pikipiki, nikaenda pembeni penye mtandao, nikampigia Kavira.

"Mama yako amenikubali!"

"Amesema nini?"

Nikamweleza yote, tangu maharagwe na usingizi wake, nikamaliza na maneno ya njia panda, neno kwa neno, mashimo, mdomo, servisi, ngojea mwingine. Halafu Kavira, peke yake katika duka lile la mbao, akapiga vigelegele mpaka watu wa Mweso wakaanza kumwuliza nani ameolewa.